Ng'ombe Mwenye Sifa Sita

Vijana wa ofisi ya mifugo walinifanyia chai ya kuniaga, wakanipa kitenge na blanketi, kisha mmoja wao, Elifuraha, akaniomba niandike chochote cha kuwatia moyo wanaobaki. Nimestaafu juzi tu na muda ninao. Cha kutia moyo ndicho sina. Nitaandika nilichonacho, na Elifuraha akiona hakifai kubandikwa ukutani basi karatasi zifungiwe vitumbua.

Habari za vyeo sitazisema. Nilipanda kidogo, nikasahauliwa, nikapanda tena, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyepona kwa ajili hiyo.

Nilizaliwa Mamba, juu milimani, ambako ng'ombe haendi malishoni bali malisho ndiyo yanamwendea. Anakaa bandani karibu na nyumba, tunamkatia majani na migomba, na mama yangu alikuwa akimsalimia ng'ombe wake asubuhi kabla ya kumsalimia baba. Nilipomaliza chuo cha mifugo nikapangiwa Same, chini kwenye upepo. Nilishuka stendi na sanduku la bati kichwani, na kabla sijapata wa kumuuliza ofisi iko wapi nilikuwa nimeshakula vumbi la kutosha mlo mmoja.

Ofisini nilimkuta Mzee Mgonja. Alikuwa msaidizi wa mifugo wa siku nyingi, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya pama ambayo hakuna aliyewahi kuiona mpya. Hakuniuliza vyeti. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniuliza, "Binti, kiumbe hai unamjuaje?"

Nilidhani ananitania. Hilo ni somo la watoto wa shule ya msingi. Nikazimwaga sifa zote saba bila kupumua: anakula, anapumua, anajongea, anakua, anazaliana, anatoa taka, anahisi. Mzee Mgonja akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja chai isiyo na sukari, na miaka hiyo chai isiyo na sukari ndiyo iliyokuwepo. Akanichukua mpaka nyuma ya uwanja wa mnada, alikolala ng'ombe dume ambaye mwenye mali alikuwa ameshakata tamaa naye. Akasema, "Sasa muulize huyu. Zote saba. Na usimguse mpaka umalize kuuliza."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Mengine niliyofundishwa chuoni yalikuja na kuondoka na dawa zake, lakini maswali ya Mzee Mgonja yalibaki. Mpangilio wake haukuwa ule wa kitabuni. Alianza nyuma ya ng'ombe, kwenye taka. Alikuwa akisema mwenye ng'ombe siku zote atakuambia amekula, kwa sababu anaona aibu, lakini mavi hayana aibu. Kama ni makavu, kama yana damu, kama hayapo kabisa, hapo ndipo habari inaanzia. Kisha anasimama ubavuni, anatazama mbavu zinavyopanda na kushuka. Kisha masikio: je, nzi akitua, sikio linamfukuza? Ng'ombe aliyeacha kufukuza nzi ameshaanza kuondoka, hata kama bado amesimama. Kucheua, mwendo, ukuaji ukilinganisha na wenzake wa zizi moja, yote hayo aliyauliza kwa macho huku mikono yake iko nyuma.

La kuzaliana aliliuliza mwisho, na alimuuliza mwenye mali, kwa sauti ya chini. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba ng'ombe anaweza kuishi vizuri tu bila kuzaa, lakini aliyemfuga hawezi, na kwa hiyo swali hilo ni la nyumba nzima.

Vifaa vyetu mngevicheka. Sindano zilikuwa za kioo na chuma, tukizichemsha kwenye sufuria na kuzinoa kwenye jiwe zikiwa butu. Sabuni ilipoadimika tulinawa kwa majivu. Pikipiki ya ofisi ilikuwepo, imesimama juu ya matofali, na mafuta yake tuliyaona kwenye maombi tu. Tulikwenda kwa baiskeli ambazo matairi yake yalishonwa kwa waya. Kipimajoto kilikuwa kimoja. Mzee Mgonja alikifunga uzi, na mwisho wa uzi akaweka kibanio cha nguo, anakibana kwenye mkia wa ng'ombe kabla ya kukiingiza, kwa sababu kipimajoto kikipotelea ndani ya ng'ombe mtunza stoo hapokei maelezo. Ninacho mpaka leo. Vijana mna vinavyowaka namba, na nasikia betri zikiisha mnabaki kukisia.

Lakini mali yetu kubwa ilikuwa josho. Lilikuwa nje ya mji, upande wa magharibi wa reli, mahali ambapo milima ya Upare unaiona yote na hupati hata tone la mvua yake. Kwa wale mliolikuta limekufa, niwaeleze. Ni mfereji mrefu wa saruji uliojaa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anaingia upande mmoja kwa kuruka, anazama mpaka masikio, anaogelea, anapanda ngazi upande wa pili, kisha anasimama kwenye sakafu yenye mteremko ili dawa inayomchuruzika irudi shimoni. Pembeni anasimama mtu mwenye ufito wenye panda, kazi yake kuwasukumia kichwa chini wale wanaojifanya wajanja. Kupe hujificha ndani ya masikio, na ng'ombe asiyezamishwa kichwa ameoga bure.

Siku ya kuogesha ilikuwa sikukuu. Makundi yalisubiri kwa zamu, vumbi juu, filimbi, vijana wa Kimaasai wakiita ng'ombe wao kwa majina. Mzee Mgonja alikuwa akipima kina kwa kijiti chenye alama, akiongeza dawa kwa uangalifu kama anayemnywesha mtoto mchanga, na akisema josho nalo ni kiumbe hai. Linakula dawa, linakunywa maji, tope tunalolitoa ndiyo taka yake, na likiishiwa nguvu kupe wanakuja kutuambia. Nilimuuliza kama linazaa. Akatazama milima kwanza. "Halizai," akasema. "Hilo ndilo linanitisha."

Nilimcheka. Wakati huo dawa ilikuwa inaletwa na serikali bure, na mimi nilikuwa kijana.

Kazi yetu nyingine ilikuwa kuwashawishi wasiotaka kuogesha. Katika tambarare ile walikuwepo wafugaji wawili wa Kimaasai waliopakana, marafiki tangu utoto, waliotahiriwa pamoja. Mmoja aliitwa Lekishon, mwingine Tajewo. Wote hawakutaka. Tuliwaendea mara nyingi, tukakaa kwenye vigoda vyao, tukanywa maziwa yao, tukaeleza ndigana kali: jinsi kupe wa kahawia anavyouma kwenye sikio, tezi inavyovimba, homa inavyopanda, mpaka mapafu yanajaa maji na ndama anakufa akitoa povu puani. Walijua yote hayo kuliko sisi. Kila mwaka walizika ndama wengi. Tajewo alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Dawa yenu inaua kupe, sawa. Siku serikali ikichoka, nani ataua kupe?"

Nilimjibu mimi, siyo Mzee Mgonja. Nilimwambia serikali haichoki.

Tajewo hakuja. Lekishon alikuja, kwanza na ndama wachache, kisha na zizi zima. Alikuwa mtu wa kunyooka: akishakubali jambo amelikubali. Siku ya kuogesha ng'ombe wake ndio waliotangulia, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika ufito, hakumwachia mtu. Katika miaka michache kundi lake likawa la kutazamwa. Ngozi ziling'aa. Ndama walikua wote, na baada yao ndama wengine ambao hawakuwahi kumwona kupe masikioni mwao. Wenzake walimtania, wakisema anafuga ng'ombe wa serikali, na yeye alifurahi. Alijifunza maswali ya Mzee Mgonja, akayafanya salamu. Nikifika bomani kwake ananiambia takwenya, nami naitika iko, kama mwanamke anavyoitika kwao, halafu anaanza bila kuulizwa: wamekula, wametoa taka, wanapumua, wanatembea, wanafukuza nzi, wanakua. La mwisho alilisema kwa sauti ya juu, ili na jirani asikie: wanazaa.

Nimeandika haya kwa haraka kwa sababu yanaumiza kuyaandika polepole. Hiyo ilikuwa miaka mizuri. Dukani hakukuwa na kitu, sisi wenyewe tulivaa viraka, lakini josho lilikuwa limejaa.

Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka yakajaa sukari, sabuni, redio na nguo za mitumba, na watu wa Same wakapumua. Sitaki kusema uongo kwamba niliyachukia. Nilinunua sabuni ya kunukia na nikaificha watoto wasiimalize. Ila mkono uliofungua duka ndio uliofunga stoo yetu. Dawa ya josho ikaanza kuja nusu, kisha ikaja maelezo badala ya dawa: wafugaji wachangie, waunde kamati, josho liwe lao. Maofisa walikuja na gari zuri kutuelimisha juu ya jambo hilo. Kamati ikaundwa. Ikachangisha, ikagombana, ikaongeza maji bila kuongeza dawa ili zamu zote zitoshe. Ng'ombe wakawa wanaoga maji ya mvua yenye harufu ya josho. Tulipopima na kukataa, watu walitutazama kana kwamba ni sisi tuliokunywa dawa.

Mzee Mgonja alikuwa kati ya wa kwanza kupunguzwa kazi. Neno hilo, kupunguzwa, lilikuwa geni. Tulizoea kulisikia kwa miche ya mahindi. Siku ya mwisho hakukusanya vitu vyake mezani. Alipanda baiskeli tukaenda wote kwa Lekishon. Tulipofika alikwenda moja kwa moja kwenye zizi la mitamba na ndama, akawatazama kwa muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akanivuta pembeni.

"Kiumbe hai anahisi," akaniambia. "Tulilisema kila siku, na hatukulifikiria. Ndama wa Tajewo anaumwa na kupe akiwa bado ananyonya. Wengi wanakufa. Anayebaki, mwili wake umemjua adui, hasahau tena. Hawa wa Lekishon hawajui chochote. Tumewalea ndani ya dawa. Josho likikauka, kupe watawakuta wote kwa siku moja kama wageni."

Nilimuuliza tufanye nini. Akasema ng'ombe hawa sasa hawana njia ila kuogeshwa, kwa josho au kwa bomba la kunyunyizia la mgongoni, bila kuruka hata zamu moja, na dawa iwe dawa kweli. Tukamweleza Lekishon hivyo hivyo. Mzee Mgonja akanipa kipimajoto chake na uzi wake, akapanda basi la kwenda kwao milimani, na huko alilima tangawizi mpaka alipofariki. Nilikwenda kumzika. Kwenye mazishi walisoma kwamba aliitumikia serikali kwa uaminifu, na ni kweli.

Lekishon alijitahidi jinsi nisivyowahi kuona mtu akijitahidi. Aliuza dume lake bora akanunua bomba na dawa. Dawa ilipoisha akauza mwingine. Maduka ya dawa za mifugo yalikuwa yameota mjini kama uyoga, na mwenye duka alikuwa jana muuza nguo. Zilikuwepo dawa nzuri, na zilikuwepo chupa zisizo na karatasi, zinazouzwa kwa kupimiwa kwenye vizibo vya soda. Mimi mwenyewe sikuweza kuzitofautisha kwa macho. Lekishon alinyunyizia kila zamu, asubuhi, akianza na masikio kama alivyofundishwa. Mahali fulani, chupa mojawapo ilikuwa maji ya rangi. Ni ipi, hatukujua kamwe.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mema. Majani yalipanda mpaka magotini. Mvua nzuri huzaa na kupe.

Lekishon alimtuma mwanawe kuniita. Nilipofika hakunisalimia, na maswali hakuyajibu. Aliniacha niulize mwenyewe. Nilipita zizini nikianza nyuma kama nilivyofundishwa, na nikakuta kwamba naweza kuacha kuuliza. Tezi chini ya masikio zilikuwa kubwa kama machungwa. Mbavu zilikuwa zikipiga. Nzi walikuwa wametulia machoni mwa ng'ombe na hakuna sikio lililotikisika. Ng'ombe wakubwa, wa maziwa, madume, wote waliozaliwa ndani ya dawa, walikuwa wamelala kwenye majani mazuri ambayo hawakuyagusa.

Dawa ya sindano ya ndigana kali ilikuwepo duniani. Stoo ya wilaya ilikuwa imebaki na chupa moja ndogo, na nilikuwa nimeichukua bila kuomba ruhusa kwa sababu wa kumwomba hakuwepo. Ilitosha mnyama mmoja. Nilimwonyesha Lekishon, nikamwambia hivyo, na nikamwambia pia kwamba kwa waliofika mbali haitafaa, achague aliyeanza kuumwa juzi.

Nilitegemea achague dume, au ng'ombe wa maziwa, kwa sababu nyumbani kulikuwa na wajukuu na mkewe alikuwa amesimama pale na kibuyu kitupu. Alizunguka zizi lote. Akaja akasimama kwa mtamba mwekundu aliyeitwa Nanyokie, ambaye alikuwa bado amesimama, macho yamezama. Mtamba huyo alitoka katika ukoo wa ng'ombe aliopewa mama yake Lekishon siku alipoolewa na kuletwa katika boma lile. Wengine wote wa ukoo huo walikuwa wamelala.

"Huyu," akasema. "Hajazaa bado. Huyu atazaa wote hawa tena."

Nilimdunga. Wengine walikufa mmoja mmoja wiki hiyo, na wengine kwa pamoja, na fisi wakashiba mpaka wakaacha kuja. Nanyokie alipona.

Tajewo alikuja kwa rafiki yake na ng'ombe. Wamaasai wana desturi hiyo, aliyebakiwa humpa aliyefilisika, wala haitwi mkopo. Ng'ombe wa Tajewo walikuwa wadogo, wenye makovu na kupe masikioni, na walikuwa hai. Yeye mwenyewe alikuwa amezika ndama mwaka huo kama miaka yote. Alimkabidhi Lekishon, kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Mama Mifugo, nyinyi mliwafundisha ng'ombe kusahau. Halafu mkaondoka."

Vijana, nimelifikiria neno hilo kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyochukua. Sijaja kuungama hapa. Kuogesha kulikuwa sahihi, na bado ni sahihi, mahali josho linapojazwa. Kosa halikuwa dawa. Kosa lilikuwa kumfanya kiumbe ategemee kitu ambacho chenyewe hakina uhai wa kujiendeleza, na kisha kukiacha kife na kumwita mwenye ng'ombe kwenye semina. Nasema hivi kwa hasira, na hasira hiyo sikuwahi kupata ofisi ya kuipeleka.

Lekishon alimsubiri Nanyokie azae. Alimsubiri kama watu wanavyosubiri barua ya mtoto aliyeko mbali. Aliazima dume la Tajewo, na baadaye dume la wengine. Mtamba alikuwa anakula, ngozi ilirudi, ukiita jina lake anainua kichwa. Alikua kidogo tu, homa ilikuwa imemdumaza, lakini alikua. Masika yalipita na mengine yakapita. Mwishoni Lekishon aliniomba nimpime, nikavaa mkono wa plastiki nikampima kizazi, nikapima tena kwa sababu sikutaka kuamini. Kizazi kilikuwa kidogo na kigumu, kama cha ndama. Kwa hakika sababu yake siijui. Nilijua jibu tu.

Nililitafutia maneno mazuri nilipokuwa nanawa mikono, na yote yalinitoka. Nilimwambia Nanyokie hatazaa.

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Akaendelea kumkuna ng'ombe shingoni. Nilimshauri, kama kazi yangu ilivyotaka, amuuze kwa mchinjaji wakati bado ana mwili, anunue ndama jike wawili. Ulikuwa ushauri sahihi. Na kuanzia siku hiyo, kila nilipofika, salamu yake ilikuwa ile ile na pungufu: anakula, anatoa taka, anapumua, anatembea, anafukuza nzi, amekua. Anaishia hapo. Sita. Ile nafasi iliyobaki tuliisikia wote wawili, halafu tunazungumza mambo ya mvua.

Hakumuuza. Nanyokie alizeeka pale bomani, peke yake katika ukoo wake, akitangulia njiani mbele ya ng'ombe wa makovu wa Tajewo. Watoto wa Lekishon walikua wakaona hakuna ng'ombe wa kutosha wa kuchunga wala wa kuolea, wakaenda Dar es Salaam kulinda mageti ya watu. Wanatuma pesa. Mmoja ana simu yenye picha, akampigia baba yake akimwonyesha nyumba anayolinda, na baba yake aliniuliza ng'ombe wa nyumba ile wako wapi.

Mimi niliendelea. Mnauliza nilifanya nini miaka iliyofuata: nilichanja kuku, nilipima nyama machinjioni, nilihudhuria warsha zenye soda na biskuti. Nilisaidia wengi kidogo kidogo. Miradi ilikuja mara mbili kulifufua josho. Mara ya kwanza walipaka rangi. Mara ya pili walipiga picha za ile rangi.

Wiki moja kabla ya kustaafu nilikwenda kuwaaga wafugaji wa upande ule. Nilipita joshoni kwanza. Mchanga umejaa shimoni mpaka karibu na mdomo, umeota mchongoma, na kwenye zile ngazi mbuzi walikuwa wamelala kivulini wakicheua. Nilijikuta nimesimama mikono nyuma, nikiuliza. Sikufika hata la pili.

Tajewo ameshafariki. Lekishon nilimkuta amekaa nje, macho yake hayaoni vizuri, lakini sauti aliijua. Akaniambia takwenya, nikaitika iko. Nanyokie alikuwa amekufa zamani, kwa uzee, usingizini, na hakuna aliyeila nyama yake. Nilimwambia nimemaliza kazi, nimekuja kuaga. Akauliza ni nani atakayekuja mahali pangu.

Nikamweleza ukweli. Nafasi yangu haijajazwa. Wamesema upande huu utahudumiwa kutoka mjini, na mjini wamebaki Elifuraha na mwenzake kwa wilaya nzima.

Basi akaanza kuniuliza, polepole, kwa maswali ya Mzee Mgonja ambaye alikuwa na miaka mingi kaburini.

"Ofisi yenu inakula?"

Nikasema inakula kidogo.

"Inapumua?"

Nikasema inapumua.

"Inatembea?"

Nikasema pikipiki ipo, mafuta ni ya kubahatisha. Akatabasamu kidogo, mimi pia.

"Nzi akitua, inamfukuza?"

Hapo sikutabasamu. Nikasema sijui.

"Inazaa?"

Nikahesabu moyoni: Elifuraha, mwenzake, na nafasi yangu iliyo tupu. Kisha akanyoosha mkono akautafuta wangu akaushika, na akasema, "Mimi Nanyokie wangu nilimtunza mpaka siku ya mwisho, na nilijua hana mtoto. Nyinyi ofisi yenu mliitunza?"

Elifuraha, uliniomba neno la kubandika ukutani. Ni hilo swali lake. Nilikaa naye mpaka jua lilipoanza kuchoma, nikamwambia sere, ndiyo kwaheri ya kwao, nikapanda bodaboda kurudi mjini, na kipimajoto cha Mzee Mgonja kilikuwa mkobani mwangu, na uzi wake, na sikujua nimpe nani.